UZI: Euro ilivyozifikia pensheni na hospitali za Wagiriki, na sarafu moja tunayoisubiri sisi

Karani Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Kila ukiletwa humu uzi wa sarafu moja ya Afrika Mashariki, ubishi unaishia kwenye noti itakuwa na picha ya nani na benki kuu ijengwe mji gani. Sijaona anayeuliza: nchi moja ikiyumba, mshahara wa nesi wa Kasulu au wa Busia atautetea nani? Ulaya wameshalipitia hilo. Nimelifuatilia muda mrefu, naweka hapa ninachokijua. Ni ndefu, mwenye haraka aruke.

Wengi mnaamini Ugiriki ilikomolewa tu na Wajerumani. Kutukanana kulikuwepo, magazeti ya pande zote mbili yaliporomosheana matusi ya kutosha, ila tatizo lilishaandikwa tangu 1992. Mkataba wa Maastricht ulisema nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 60. Benki kuu ni moja, iko Frankfurt, na imekatazwa kuikopesha serikali yoyote moja kwa moja. Hakuna nchi inayobeba deni la mwenzake. Hospitali, pensheni na mafao ya waliokosa kazi vikabaki juu ya kila serikali. Kwa hiyo pesa ni ya wote, hazina ni ya kila mtu kwake.

Nchi yenye sarafu yake ikikwama ina pa kupumulia. Inashusha thamani ya pesa yake, benki kuu yake inacheza na riba. Sisi 1986, enzi za Mzee Mwinyi, tulipopatana na IMF tulikata matumizi na watu wakaumia, lakini shilingi nayo ilishushwa kutoka kama 17 kwa dola hadi 40. Aliyezoea vitu vya nje alilia, anayeuza mazao nje akapata angalau kitu. Ndani ya euro huwezi kufanya hivyo. Ukitaka bidhaa zako ziwe rahisi sokoni unashusha mishahara. Ukitaka nakisi ipungue wakati kodi zinakauka, unakata pale penye pesa nyingi, na bajeti ya nchi ya Ulaya pesa yake nyingi iko kwenye pensheni na afya. Hakuna kifungu kinachosema "funga wodi". Kuna namba juu, na wizara ya afya iko chini yake.

Ugiriki iliingia kwenye euro 2001. Ghafla ikawa inakopa kwa riba inayokaribia ya Ujerumani, ikakopa kweli. Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ikafungua vitabu na kusema nakisi ni zaidi ya asilimia 12, karibu mara mbili ya iliyokuwa ikitajwa. Hesabu za baadaye zikaifikisha zaidi ya 15. Wakopeshaji wakakimbia. Mei 2010 ukaja mkopo wa kwanza, euro bilioni 110: 80 kutoka nchi za euro, 30 kutoka IMF. Ukafuata wa pili 2012, wa tatu 2015. Sehemu kubwa sana ya pesa hizo ilipita tu Athens ikaenda kulipa madeni ya zamani na kunusuru mabenki. Kilichobaki Athens ni masharti, na wasimamizi wake watatu: Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na IMF. Wenyewe waliwaita Troika.

Masharti yalikuwa na undani wa kushangaza. Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kilishushwa kutoka euro 751 hadi 586 kwa mwezi. Aliye chini ya miaka 25 akapewa 511. Wastaafu walizoea malipo ya ziada ya Krismasi, Pasaka na likizo ya kiangazi, yakapunguzwa kisha yakafutwa, na pensheni yenyewe ikakatwa mara nyingi, raundi zaidi ya kumi. Matumizi ya umma kwenye afya yakawekewa ukomo wa asilimia 6 ya pato la taifa, wakati pato lenyewe linaporomoka. Rudia kuusoma huo mstari. Pato likishuka, na sita yake inashuka, na wagonjwa hawashuki. Kati ya 2009 na 2011 matumizi ya hospitali za umma yalipungua kwa zaidi ya robo.

Halafu bima. Ugiriki bima ya afya ilifungwa kwenye ajira. Ukifukuzwa kazi unapata mafao kwa miezi 12 isiyozidi, baadaye na kadi ya matibabu nayo inakufa. 2013 waliokosa kazi walifika kama asilimia 27 ya nguvukazi, vijana zaidi ya nusu. Watu kama milioni 2.5 wakajikuta hawana bima, kwenye nchi ya watu milioni 11.

Pale Elliniko, eneo la uwanja wa ndege wa zamani wa Athens, madaktari walifungua kliniki ya kujitolea mwishoni mwa 2011. Dawa zilitoka majumbani: mtu kafiwa na mama yake, analeta paketi za presha zilizobaki, wanaojitolea wanakagua tarehe ya kuisha na kuzipanga kwenye shelfu. Huo ndio uliokuwa mfumo wa afya wa mgonjwa wa saratani asiye na kazi, ndani ya Umoja wa Ulaya. Sheria ya kuwarudisha wasio na bima kwenye hospitali za umma ilikuja 2016.

Nimemaliza utangulizi. Karibuni.

chuma_cha_pua

Nimekaa siti ya dirishani. Ngoja waje wataalamu.

Wakili wa Mtaa

Mkuu umeandika vizuri ila umewapaka Wagiriki mafuta. Hao jamaa walikuwa wanakula wasichozalisha. Kuna habari ya 2010 ilizunguka dunia nzima: vitongoji vya matajiri kaskazini mwa Athens, walioandika kwenye fomu za kodi kwamba wana bwawa la kuogelea walikuwa 324. Mamlaka zikaangalia picha za setilaiti, mabwawa yakaonekana 16,974. Daktari wa hospitali ya umma alikuwa haingii chumba cha upasuaji bila bahasha. Watu walikuwa wanastaafu kwenye miaka ya hamsini. Mifuko ya pensheni ilikuwa haihesabiki, kila taaluma na wake.

Sasa nchi ya namna hiyo ulitaka iendelee kukopeshwa bila masharti? Hata sisi mwaka 2018 kwenye kikokotoo cha mafao ya wastaafu tulipiga kelele mpaka Rais akasitisha, lakini hesabu za mifuko hazikujibadilisha kwa kelele zetu.

Karani Mstaafu

Wakili, la mabwawa ni kweli na la bahasha ni kweli. Pensheni zilikuwa zinakula sehemu kubwa kupita kiasi, na huo mfumo ulihitaji kurekebishwa euro iwepo isiwepo. Tena nikuongezee silaha: Ugiriki ilikuwa haina msaada wa kipato cha chini kwa kaya masikini. Ulienezwa nchi nzima 2017, na waliousukuma ni hao hao wakopeshaji. Kwa hiyo sisemi kila kilichotoka Troika kilikuwa sumu.

Ila tazama nani alilipa. Mwenye bwawa pesa yake ilishavuka mpaka, euro ni euro, anaihamishia benki ya Luxembourg au Zurich asubuhi moja. Pensheni ya bibi haina pa kukimbilia, inakatwa kwenye kompyuta ya hazina. Ukiwa na haraka ya kufikia namba ifikapo Desemba, unakata kinachokatika. Kukusanya kodi ya mabwawa kunataka miaka na maofisa, na hao maofisa nao wamepunguzwa.

Kingine: bibi huyo hakuwa anakula pensheni peke yake. Mtoto kafukuzwa kazi, mjukuu hajawahi kupata, wote wamerudi kwake. Msaada kwa kaya haukuwepo, basi pensheni ndiyo ilikuwa msaada wenyewe, ukapita kwa bibi. Ukiikata unakata watu wanne.

Na hesabu zenyewe zilikosewa. Watabiri walichukulia kila euro moja inayokatwa itapunguza uchumi kwa kama senti 50. Olivier Blanchard, mchumi mkuu wa IMF wakati huo, na mwenzake Daniel Leigh wakarudi kupima wakakuta ni kati ya senti 90 na euro 1.70. Juni 2013 IMF ikakiri hadharani kwamba programu ya kwanza ya Ugiriki ilikuwa na kasoro kubwa. Deni lilianza kwenye asilimia kama 127 ya pato 2009. Baada ya kukata kote huko, na baada ya wakopeshaji binafsi kufutiwa zaidi ya nusu ya walichodai mwaka 2012, likawa linaelea kwenye 180. Uchumi ulikuwa umesinyaa kwa robo.

Mama Tunu

Jamani mimi sio mchumi, naomba kuuliza. Kama ni kanuni ya 3%, mbona nasikia Ujerumani na Ufaransa wenyewe waliivunja?

Karani Mstaafu

Dada Tunu, umepiga penyewe. 2003 wote wawili walikuwa juu ya 3. Novemba mwaka huo mawaziri wa fedha wakakaa, adhabu ikawekwa pembeni, na 2005 kanuni zikalegezwa. Na 2016 Jean-Claude Juncker, rais wa Tume, alipoulizwa kwa nini Ufaransa inaachiwa, jibu lake lilikuwa kwamba ni kwa sababu ni Ufaransa. Alisema hivyo hivyo, mbele ya watu.

Baada ya Ugiriki kanuni zilikazwa zaidi. Tangu 2013 kila serikali ya euro inapeleka rasimu ya bajeti Brussels ifikapo Oktoba 15, kabla bunge lake halijaipitisha. Afya na pensheni kisheria bado ni mambo ya nchi. Ila kila mwaka nchi inapata mapendekezo: pandisha umri wa kustaafu, punguza gharama za hospitali. Mnaoishi kwa wenye nyumba mtanielewa: luku moja, wapangaji sita, aliyechelewa kuchangia anaambiwa hadi saa ya kuzima taa, na mwenye friji kubwa haulizwi.

Baharia wa Kypseli

Wakuu salaam. Mimi nilishukia meli Piraeus miaka hiyo ya nyuma nikabaki Athens, Wabongo wa Kypseli wananijua. Sasa niko kwingine. Ngoja niwaambie ilivyokuwa chini, maana asilimia hazinuki.

Kodi ya majengo ya 2011 serikali iliiweka ndani ya bili ya umeme. Usipolipa kodi unakatiwa umeme. Kwetu jengo la ghorofa tano lile, watu walianza kuja kwa mzee wa chini mwenye kibandiko cha fundi umeme, usiku, kurudishiwa waya. Sitaji mtu.

Kisha mafuta ya kupasha joto yakapandishwa ushuru. Mjini huko nyumba nyingi zina tanuri moja chini ya jengo, wakazi wanachanga kununua mafuta. Mmoja akishindwa kuchanga, jengo zima linalala baridi. Baridi ya 2012 kwenda 2013 watu wakachomoa majiko ya kuni. Jioni ukitoka nje Athens inanuka kama kijijini kwetu saa ya kupika, macho yanawasha, mbao za makochi na milango zinachomwa humo na rangi zake. Mimi mtoto wa kuni sikushangaa moshi. Nilishangaa kuona profesa mstaafu ghorofa ya pili anabeba kreti za matunda kutoka sokoni, anazificha chini ya koti.

Mwajiri wangu alikuwa na mghahawa. Alitukalisha akasema sheria mpya imetoka, anayetaka abaki kwa mshahara wa chini, asiyetaka wapo hamsini nje. Alikuwa hadanganyi kuhusu hao hamsini.

Na 2015. Juni 28 Jumapili Benki Kuu ya Ulaya ikagoma kuwaongezea mabenki mkopo wa dharura, Jumatatu benki zimefungwa. ATM ikaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Noti za ishirini zikaisha, kwa hiyo ukawa unapewa hamsini. Wastaafu wasio na kadi, na walikuwa wengi, wakawa wanapanga foleni alfajiri mbele ya matawi machache yaliyofunguliwa kwa ajili yao, wanaitwa kwa herufi za majina. Nilisimama na mama mwenye nyumba wangu kumshikia mwavuli wa jua. Jumapili iliyofuata wakapiga kura, asilimia 61 wakasema hapana kwa masharti. Tukacheza ngoma uwanja wa Syntagma, mbele ya bunge. Wiki moja tu baadaye waziri mkuu Tsipras akakubali masharti mengine.

Hapo ndipo mtu unaelewa maana ya kutokuwa na pesa yako. Serikali ilikuwa na kura, Frankfurt walikuwa na noti.

chuma_cha_pua

Baharia hiyo ya kreti chini ya koti imenikalisha.

mzee_kijana

Mi naona mnaonewa na hisia. Ureno nao walikopeshwa bilioni 78 mwaka 2011 na leo wako vizuri. Ireland vilevile. Kwa nini Ugiriki tu ndio walie?

Karani Mstaafu

Mzee kijana, Ireland ni kisa kingine. Serikali yake ilikuwa na deni dogo, ikaharibiwa na kubeba hasara za mabenki yake, na ina makampuni makubwa ya Kimarekani yanayouza nje. Uchumi wa aina hiyo unaruka haraka.

Ureno inavutia zaidi kwa mada yetu. Serikali ilifuta malipo ya ziada ya miezi ya 13 na 14 kwa watumishi wa umma na wastaafu. Mahakama ya Katiba ikasema Julai 2012 kwamba hiyo inavunja usawa, kwa nini watumishi wa umma wabebe peke yao? Aprili 2013 ikatengua tena sehemu ya bajeti. Serikali ikalazimika kutafuta pesa kwingine, na Wareno wakapata walau mlango mmoja wa kugonga. Hispania walienda kinyume: Septemba 2011 walibadilisha katiba yao, ibara ya 135, ulipaji wa deni ukapewa kipaumbele kabla ya kila kitu, na mwaka uliofuata wahamiaji wasio na vibali wakafutiwa kadi za afya. Walirudishiwa 2018.

Italia nayo, Desemba 2011 waziri Elsa Fornero alipokuwa akitangaza makato ya pensheni mbele ya kamera alifika kwenye neno la kujitoa sadaka akashindwa kumalizia, akalia. Makato yakapita.

Wakili wa Mtaa

Sawa, nakupa point moja kuhusu nani alilipa. Ila hujaniambia mbadala. Ungekuwa wewe waziri wa fedha Athens 2010 ungefanyaje? Utoke euro? Akiba za watu zingegeuka makaratasi wiki hiyo hiyo na dawa zote ni za kuagiza.

Karani Mstaafu

Nisingetoka. Hata wao walipoulizwa wengi walitaka kubaki. Waziri wa Athens peke yake hakuwa na mbadala mzuri, na hilo ndilo linalonitisha. Mbadala ulikuwa kwa wenzake: kufuta deni 2010 na siyo 2012, kuwapa miaka zaidi, na benki kuu kusema mapema kwamba itazilinda hati za mikopo za serikali. Mario Draghi, rais wa Benki Kuu ya Ulaya wakati huo, alisema hivyo Julai 2012, kwamba atafanya lolote litakalohitajika kuiokoa euro, na riba za Hispania na Italia zikaanza kushuka hata kabla hajatoa senti. Zaidi ya miaka miwili ya makato ilikuwa imeshapita.

Na wanajua kufanya wakitaka. Machi 2020 corona ilipoitikisa Italia, ukomo wa nakisi ulisimamishwa ndani ya mwezi huo huo. Ukaanzishwa mfuko wa bilioni 100 wa kukopesha nchi zilipe mishahara ya waliosimamishwa kazi, kisha Julai wakakubaliana kukopa pamoja bilioni 750, sehemu yake ikiwa ruzuku. Miaka kumi Wagiriki waliambiwa mikataba hairuhusu kukopa pamoja. 2024 kanuni zikarudi kwa sura mpya, 3 na 60 ziko pale pale.

Otis wa Busia

Niaje wadau wa Bongo. Nimefuata huu uzi kimyakimya, sasa nitie neno kutoka upande wa pili wa mpaka.

Protokali ya umoja wa fedha ya EAC ilisainiwa Kampala Novemba 2013. Vigezo vyake: nakisi isizidi 3%, hiyo ni pamoja na misaada, deni lisizidi 50% ya pato kwa thamani ya sasa, mfumuko wa bei usizidi 8%, akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa miezi 4.5. Hiyo 3% mnaitambua imetoka wapi. Sarafu ilikuwa ianze 2024, imesukumwa hadi 2031.

Sasa hapa Kenya, 2023 bunge limeandika kwenye sheria yetu wenyewe kwamba deni liwe 55%, na linaweza kuzidi kwa pointi tano. Yaani tumejiwekea ukomo ulio juu ya ule tuliosaini Kampala! 2024 mliona serikali ikijaribu kuziba pengo kwa kodi, vijana wakaingia barabarani Juni, Mswada wa Fedha ukaondolewa. Oktoba mwaka huo huo tukahamishwa bima ya afya ya zamani, NHIF, tukaingizwa mpya, SHA, 2.75% ya mshahara, na hospitali zinalia hazijalipwa.

Swali langu kwa Karani: tukiwa na sarafu moja na Kenya ikatakiwa kurudi kwenye 50 kwa miaka mitatu, ni nani wa kutukopesha? Arusha?

Karani Mstaafu

Otis, Arusha hata michango ya kuendesha sekretarieti nchi nyingine wanachama wanaichelewesha. Hazina ya pamoja hakuna, na sijaona serikali hata moja inayoitaka kwa dhati, maana hazina ya pamoja ni Dodoma kulipia hospitali ya Kisumu mwaka Kenya ikiyumba, na Nairobi kulipia ya Kasulu mwaka wetu ukifika. Nani atasimama jukwaani kuomba kura kwa hilo? Ulaya yenye pesa zote zile imeshindwa miaka zaidi ya ishirini.

Nikipewa kuchagua leo, nasema mfuko kwanza, noti baadaye. Hata mdogo: kila nchi ichangie sehemu ya ushuru wa forodha, ukitumika tu kulipia afya na mishahara ya walimu kwa nchi iliyopigwa na ukame au bei ya mazao. Ukishindikana huo, 2031 nayo isogezwe, wala sitanuna.

Otis wa Busia

Wakikata kwetu nawatajia wa kwanza kabisa: walimu wa JSS (sekondari ya chini) wa mkataba. Hao hawahitaji kufukuzwa, unaacha tu mkataba uishe Desemba.

Mama Tunu

Na kwetu wahudumu wa afya wa kujitolea. Baharia, yule mama mwenye nyumba pensheni yake walimrudishia?

Baharia wa Kypseli

Dada Tunu, 2019 walitoa ya mwezi wa 13, kipande. 2020 serikali nyingine ikaifuta. Ile ya zamani hakurudishiwa.